Kutoka Kinywani Hadi Karatasini: Neno "Negro" na Jamaa Zake

Wazee wetu husema kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii yatuonya tuyachunge maneno yatokayo katika vinywa vyetu wenyewe. Lakini kuna jambo jingine ambalo methali haikuligusa, nalo ni hali ya mtu ambaye maneno ya kinywa chake huandikwa na mkono wa mwingine. Mtu huyo husoma karatasini sauti inayodaiwa kuwa yake, na aghalabu hukuta imepindwa ili wasomaji wacheke. Katika historia ya watu weusi wa Marekani jambo hili lilitokea mara nyingi, na hakuna neno linalolionyesha wazi zaidi kuliko lile walilopachikwa kuwa jina lao.

Neno hilo lina maumbo mengi: "negro", "neger", "nigger", "nigra", "nigga". Baadhi ya maumbo hayo ni matusi makubwa, na mwandishi wa historia hayaandiki kwa kupenda. Huyaandika kama tabibu anavyokitaja kidonda kwa jina lake. Yako mabishano makali juu ya mawili kati yake, yaani "nigger" na "nigga". Wako wasemao kwamba hayo ni maneno mawili mbalimbali: la kwanza ni tusi la bwana kwa mtumwa, la pili ni neno la udugu baina ya watu weusi wenyewe, na tofauti yote imo katika silabi ya mwisho. Wako wengine wasemao kwamba ni neno moja tu, na kwamba kubadili herufi hakuiondoi sumu yake. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba kila upande umeshika nusu ya kweli. Sauti ya mwisho ilikuwa moja kwa muda mrefu, katika vinywa vya mabwana na vya watumwa. Tofauti ilizaliwa katika maandishi, tena si zamani sana. Ili tulione hilo, yatupasa tuifuate safari ya neno tangu mwanzo.

Asili yake ni neno la Kilatini "niger", lenye maana ya rangi nyeusi. Katika Kireno na Kihispania likawa "negro", na katika Kifaransa "nègre". Wareno walipopita pwani ya Afrika ya Magharibi katika karne ya 15, wakaanza kuwateka watu na kuwanunua, walilitumia neno hilo kuwaitia wote, bila kujali kama ni Wawolofu, Wakongo, au watu wa taifa jingine lolote. Basi tangu hapo neno lilikuwa na kazi ya kufuta majina: watu wenye lugha na miji na wafalme wao walikusanywa chini ya rangi moja.

Waingereza walilipokea neno katikati ya karne ya 16, wakati mwandiko wao ulikuwa haujatulia. Mtu msomi aliweza kuandika neno moja kwa namna mbili tatu katika waraka mmoja, wala hakuna aliyemcheka. Kwa hivyo twakuta "negro", na kando yake "neger", "negar", "niger" na mengineyo, kila mwandishi akifuata sikio lake. Umbo "neger" lilipata nguvu pia kutokana na Kifaransa. Waafrika ishirini na ushei waliposhushwa katika koloni la Virginia mwezi wa Agosti 1619, jamaa hii yote ya maneno ilikuwa imekwisha kuenea miongoni mwa mabaharia na wafanyabiashara, lakini maumbo yake yalikuwa bado hayajagawanywa kuwa umbo la adabu na umbo la tusi.

Hapa yafaa tueleze jambo moja la matamshi. Katika Kiingereza, mkazo wa neno kama hili hukaa mwanzoni, na irabu ya mwisho isiyo na mkazo hufifia hata ikabaki sauti hafifu, isiyo "a" wala "e" wala "o". Sisi tusemao Kiswahili hatuna tabia hiyo. Mkazo wetu hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, lakini hata hivyo irabu ya mwisho hutamkwa kwa ukamilifu wake. Mwingereza huimeza yake. Ndiyo maana neno la vitabuni, "negro", lililinda umbo la Kihispania kwa msaada wa wino, na neno la mdomoni likaenda njia ya Kiingereza: irabu ya kwanza ikafupishwa, ya mwisho ikafifia, likawa "nigger". Hatua hizo peke yake hazina dhambi. Maneno mengi ya kigeni yalipitia njia hiyo hiyo na hayakumdhuru mtu.

Kamusi zilipoanza kuutuliza mwandiko, ndipo njia mbili zilipoachana. Samuel Johnson alitoa kamusi yake kubwa huko Uingereza mwaka 1755. Huko Marekani, Noah Webster alitoa yake ya kwanza mwaka 1806, naye, kwa kuwa alipenda maneno yaandikwe kama yanavyosemwa, alipendekeza "neger" badala ya "negro". Pendekezo lake halikufuatwa. "Negro" likabaki neno la sheria, la magazeti na la wanazuoni. "Nigger" likaachiwa mdomo, na mdomo uliolishika ulikuwa mdomo wa mwenye mjeledi. Kufikia mwaka 1837 mchungaji mmoja mweusi wa New England, Hosea Easton, aliandika risala juu ya hali ya watu wake, na humo akaeleza kwamba neno hilo lilitumiwa kuwatia unyonge watu weusi kama kabila duni. Alitaja pia jinsi wazazi Wazungu walivyowakanya watoto watukutu kwa kuwaambia kwamba ni wabaya kama "nigger", au kwamba "nigger" atakuja kuwachukua. Easton aliona kwamba dharau hufundishwa nyumbani, kwa neno moja, kabla mtoto hajaweza kuuliza sababu.

Sasa twaja kwenye herufi "r", ambayo ndiyo kiini cha mabishano. Katika karne ya 18, Waingereza wa London na wa kusini mashariki walianza kuiacha "r" kila ilipokuja mwishoni mwa neno au mbele ya konsonanti. John Walker, mtungaji wa kamusi ya matamshi iliyotoka mwaka 1791, alikwisha kuona kwamba "r" ya London imelegea hata karibu igeuke "a" ndefu. Tabia hiyo ilivuka bahari. Miji ya bandari iliyoshirikiana sana na London, kama Boston, New York, Richmond, Charleston na Savannah, ikaiacha "r". Mji wa Philadelphia na sehemu nyingi za bara zikaishika. Kutoka bandari za kusini tabia hiyo ikaenea katika nchi ya mashamba makubwa ya tumbaku, mpunga na pamba.

Ushahidi wa jambo hili msomaji wa Kiswahili anao katika lugha yake mwenyewe. Kiingereza kilichotufikia Afrika ya Mashariki kilikuwa zaidi kile cha watu walioiacha "r", na maneno mengi yaliyoishia kwa "er" au "or" yaliingia kwetu kwa sauti ya "a". Ndivyo tulivyopata dereva, kondakta, sweta, poda, mita, lita, na katika viwanja vya mpira, kipa na straika. Mahali pa kuuzia pombe tulipaita baa, bila "r" yoyote. Ni kweli kwamba maneno machache yaliilinda "r", kama vile korti. Lakini mkondo mkubwa ulikuwa huo mwingine. Hakuna mtu adhaniaye kwamba aliyesema "dereva" kwa mara ya kwanza alikuwa mvivu au mjinga. Alisikia sauti kama ilivyotamkwa, akaiandika kama alivyoisikia.

Basi huko Kusini mwa Marekani bwana na mtumwa wote wawili waliiacha "r". Wanazuoni wamebishana juu ya kiasi gani matamshi ya watu weusi yalitokana na lugha za Afrika ya Magharibi. Lorenzo Dow Turner, mwanazuoni mweusi wa isimu, alionyesha mwaka 1949, katika kitabu chake juu ya lugha ya Gullah ya pwani ya South Carolina na Georgia, kwamba maneno na majina mengi ya Kiafrika yalikuwa hai huko, mahali ambapo watu wengi walisikia Kiingereza kilichoharibika tu. Lakini katika jambo la "r" ya mwisho hatulazimiki kuamua ni nani aliyemwambukiza nani, maana pande zote mbili zilitamka namna moja. Mwenye shamba wa Georgia alipomwita mtumwa wake kwa lile neno, silabi ya mwisho iliyotoka kinywani mwake haikuwa na "r". Mtumwa alipolitamka neno hilo hilo, haikuwa nayo pia. Kwa sikio lilikuwa neno moja.

Kwa macho hayakuwa sawa, na hapa ndipo dhuluma ilipoingia. Maneno ya mwenye shamba yalipoandikwa, yaliandikwa kwa herufi zote za kamusi, "r" ikiwamo, ingawa hakuitamka. Maneno ya mtumwa yalipoandikwa, kila sauti iliyoachwa iliondolewa karatasini, na pengine hata zile ambazo hazikuachwa. Tangu miaka ya 1830, mchekeshaji Mzungu Thomas D. Rice alipojipaka masizi usoni na kucheza "Jim Crow" jukwaani, michezo ya namna hiyo ilipata watazamaji wengi, na nyimbo zake zilichapwa kwa mwandiko uliopotoshwa makusudi. Katika karatasi za nyimbo hizo na katika magazeti ya vichekesho ya karne ya 19 ndimo tunamokuta "nigga" na "niggah". Kwa hivyo umbo ambalo leo hudhaniwa kuwa lilibuniwa na vijana weusi lilikwisha kuandikwa na watu waliowadhihaki babu zao.

Mwanazuoni George Philip Krapp, mwaka 1925, aliupa mwandiko wa aina hii jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita lahaja ya macho. Maana yake ni kwamba neno huandikwa kwa makosa ingawa matamshi yake si tofauti na ya watu wote. Kosa huonekana kwa macho, wala halisikiki kwa masikio. Si kila aliyeandika lahaja alikusudia dhihaka. Joel Chandler Harris, aliyezikusanya hadithi za sungura mwaka 1880, alisikiliza kwa makini. Naye Mark Twain, katika kitabu cha Huckleberry Finn kilichotoka mwaka 1884 Uingereza na mwaka 1885 Marekani, alieleza mwanzoni kwamba lahaja zake zilipimwa kwa uangalifu, na aliwapa lahaja Wazungu maskini pia. Hata hivyo mizani ya jumla haikuwa sawa. Msomaji aliyezoea kumwona mtu mweusi akiandikwa kwa herufi zilizovunjika, na mwenye kumtawala akiandikwa kwa herufi kamili, alifundishwa kwamba akili ya mmoja imevunjika na ya mwingine ni kamili.

Waandishi weusi waliliona hilo, na jibu lao halikuwa moja. James Weldon Johnson alihisi kwamba lahaja iliyoandikwa kwa desturi ile ilikuwa chombo chenye sauti mbili tu, ya kuchekesha na ya kuhuzunisha. Kwa hiyo alipozitungia mashairi hotuba za wahubiri weusi, katika kitabu cha God's Trombones mwaka 1927, aliuacha mwandiko wa lahaja akategemea mwendo wa sentensi. Zora Neale Hurston alifuata njia nyingine. Aliyaandika maneno ya Cudjo Lewis, mmoja wa watu wa mwisho waliosafirishwa utumwani kutoka Afrika hadi Alabama, kwa lahaja ya msemaji mwenyewe. Wachapishaji walipotaka mwaka 1931 aibadilishe kuwa Kiingereza cha kawaida, alikataa. Kitabu hicho, Barracoon, kilichapwa mwaka 2018, miaka mingi baada ya kifo chake. Wote wawili walikuwa wakiilinda heshima ile ile: mmoja kwa kukataa herufi zilizotiwa dhihaka, mwingine kwa kukataa kumnyang'anya mzee ulimi wake.

Mfano ulio bora ni ule wa Sterling Brown. Kati ya mwaka 1936 na 1938 serikali ya Marekani iliajiri waandishi kuwahoji wazee waliopata kuwa watumwa, na zaidi ya masimulizi 2,300 yalikusanywa. Wahoji wengi walikuwa Wazungu wa Kusini. Brown, mshairi na mwalimu mweusi aliyesimamia mambo ya watu weusi katika mradi huo, aliona masimulizi yakija yamejaa lahaja ya macho, akaandika maagizo. Aliwataka waandishi washike kwanza ukweli wa maneno na mafumbo ya msemaji. Usahihi wa kila sauti uje baadaye. Aliongeza orodha ya miandiko isiyotakiwa, na ndani yake zilikuwamo "wuz" kwa "was", "ovah" kwa "over", na "undah" kwa "under". Tuitazame orodha hiyo kwa makini. "Wuz" ni jinsi Wamarekani wengi walivyolitamka neno hilo, weupe kwa weusi. Na "ovah" ni jinsi mhoji wa Kusini alivyolitamka yeye mwenyewe alipokuwa akiuliza maswali. Aliyeandika "ovah" kwa mzee na "over" kwa nafsi yake hakuwa akiandika matamshi. Alikuwa akiandika cheo.

Wakati huo huo kulikuwa na mapambano juu ya umbo la adabu. W. E. B. Du Bois, katika kitabu chake juu ya watu weusi wa Philadelphia kilichotoka mwaka 1899, alitangaza kwamba ataandika "Negro" kwa herufi kubwa, akisema kuwa Wamarekani milioni nane wanastahili herufi kubwa. Gazeti la New York Times lilikubali mwaka 1930. Lakini herufi kubwa haisikiki. Katika vinywa vya Wazungu wengi wa Kusini neno hilo lilitoka kama "nigra", irabu zake zote mbili zikiwa zimefifia. Wao walidai kwamba hayo ni matamshi ya kwao tu. Masikio ya watu weusi yalisikia neno lililosimama katikati ya njia, mguu mmoja katika adabu na mwingine katika tusi. Waandishi wa magazeti walipotaka kumwonyesha mtawala wa Kusini jinsi alivyo, waliandika "Nigra". Kwa mara moja lahaja ya macho ikageuzwa, ikaelekezwa kwa bwana.

Habari za kuachwa kwa neno "Negro" zajulikana, nasi tutazipita upesi. Richard B. Moore aliandika kulipinga mwaka 1960. Kilio cha "Black Power" alichokipaza Stokely Carmichael huko Mississippi mwaka 1966 kikalitukuza neno jingine. Jesse Jackson akahimiza jina la Wamarekani wenye asili ya Afrika mwishoni mwa mwaka 1988. Na mwaka 2016 sheria ikaliondoa "Negro" katika lugha ya sheria za shirikisho. Neno la vitabuni, lililolindwa na wino kwa miaka mia nne, lilikufa. Lile la mdomoni halikufa.

Lililotokea kwa neno la mdomoni latokana, kwa maoni yangu, na mageuzi ya "r" yenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani weupe walianza kuiheshimu "r" na kuirudisha katika usemi wa redio, wa televisheni na wa maofisini. Mwanaisimu William Labov aliupima mwelekeo huo kwa njia rahisi mwaka 1962. Aliingia katika maduka matatu makubwa ya New York, la matajiri, la watu wa kati, na la watu wa kipato cha chini, akawauliza wauzaji swali ambalo jibu lake lilikuwa na "r" mbili. Wauzaji wa duka la matajiri waliitamka "r" zaidi kuliko wengine, na wale wa duka la watu wa kipato cha chini waliitamka kwa uchache kuliko wote. "R" ilikuwa imekuwa pambo la hadhi. Watu weusi wengi, kwa upande wao, waliendelea kuiacha, Kusini na katika miji ya kaskazini waliyohamia. Hivyo tofauti ambayo haikusikika kati ya bwana na mtumwa wa Georgia ilianza kusikika kati ya mtangazaji mweupe na kijana mweusi wa Chicago. Sikio sasa lilikuwa na maumbo mawili, na mwandiko uliweza kuyatenga.

Haukuyatenga mara moja. Dick Gregory, mchekeshaji na mpigania haki, alipolifanya tusi hilo kuwa jina la kitabu cha maisha yake mwaka 1964, aliliandika kwa "er". Richard Pryor aliliandika vivyo hivyo katika majina ya sahani zake za mwaka 1974 na 1976. Walikuwa wakilinyakua neno la adui pamoja na herufi zake. Ni wanamuziki wa rap ndio waliolishika umbo lisilo na "r" na kulifanya bendera. Kundi la N.W.A lilipotoa sahani yake ya mwaka 1988, mwandiko wa mitaani ulikuwamo hata katika jina la sahani. Na Tupac Shakur, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alizigeuza herufi tano za "nigga" kuwa kifupisho chenye maana ya mtu asiye mjinga na mwenye kutimiza malengo yake. Umbo lililochapwa kwanza katika karatasi za dhihaka lilikuwa sasa mali ya waliodhihakiwa, na "a" yake ilitangaza kwamba msemaji si yule wa zamani.

Lakini si watu wote weusi waliokubali. Pryor mwenyewe aliitembelea Kenya mwaka 1979. Alisimulia baadaye kwamba, akiwa ameketi katika hoteli jijini Nairobi na kuwatazama watu weusi wa kila namna waliokuwa wakienda na kurudi kwa shughuli zao, alitambua kwamba hapakuwa hata mmoja ambaye neno lile lingemfaa, akaapa kuliacha. Mwaka 2007 chama cha NAACP kilifanya mazishi ya neno hilo hadharani mjini Detroit, jeneza likiwapo. Na wengi walichagua njia ya kulificha, wakaliita "neno la N", msemo ulioenea sana wakati wa kesi ya O. J. Simpson mwaka 1995.

Mahakama na ofisi za serikali nazo zimeombwa ziamue kama herufi moja yatosha. Mwaka 2005 mwigizaji Damon Wayans aliomba kusajili "Nigga" kuwa alama ya biashara ya nguo, akakataliwa, kwa sababu ofisi ililihesabu neno hilo kuwa la aibu kwa mwandiko wowote. Baadaye, mwaka 2017 na 2019, Mahakama Kuu ya nchi ilivibatilisha vifungu vya sheria vilivyozuia alama za matusi na za aibu, kwa hoja ya uhuru wa kusema. Haikusema kwamba maneno hayo yametakasika. Mwaka 2013 iliamuliwa kesi ya mfanyakazi mweusi wa New York aliyemshitaki mkuu wake wa kazi, naye pia mtu mweusi, kwa kumwita mara nyingi kwa neno hilo. Mkuu alijitetea kwamba ni neno la mapenzi makali katika utamaduni wao. Raia walioketi kuamua kesi waliukataa utetezi huo wakampa haki mwanamke. Walipima nani aliyesema, kwa nani, akiwa na mamlaka gani juu yake.

Hukumu hiyo yatupa kipimo kilicho bora kuliko herufi, na kipimo hicho chafaa pia kwa neno jingine lenye safari kama hii, ambalo lilianzia karibu na kwetu. Wareno walipofika Sofala na Msumbiji, waliwasikia Waislamu wa pwani wakiwaita watu wa bara wasio Waislamu makafiri, neno la Kiarabu la dini. Wareno wakalifanya "cafre", wakaliondolea dini na kulitia rangi. Mtawa João dos Santos alilitumia hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1609. Waholanzi wa Rasi wakalifanya "kaffer", Waingereza wakaliandika "Caffre", "Kafir" na "Kaffir", na mwaka 1847 wakalitia katika jina la jimbo lililotekwa, British Kaffraria. Huko Afrika Kusini neno hilo likawa tusi la ubaguzi lililo baya kuliko yote, na mwaka 2018 mtu mmoja alihukumiwa kifungo kwa kulitumia dhidi ya polisi weusi. Kwetu "kafiri" bado ni neno la dini, lenye ukali wake lakini lisilo na rangi. Sauti karibu ni ile ile. Kilichotofautiana ni mamlaka yaliyopita juu yake.

Jambo hili si la mbali kwetu. Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam hulisikia neno la Kimarekani katika nyimbo, na baadhi yao huitana kwalo, wakijitetea kwamba wamechukua lile la "a", la udugu, wakaacha lile la "er". Utetezi huo hausimami katika kinywa cha Mswahili. Ulimi uliomgeuza "driver" kuwa dereva hauna "er" ya kuiacha. Maumbo yote mawili hutua katika sauti moja, kama yalivyotua katika kinywa cha mwenye shamba wa Georgia. Tofauti waliyoijenga watu weusi wa Marekani ilijengwa katika nchi yenye masikio ya namna mbili, na kwa gharama ya karne nyingi. Haiwezi kusafirishwa kwa herufi peke yake.

Mfasiri wa Kiswahili naye atakutana na mzigo huu pindi atakapofasiri vitabu vya Twain, vya Hurston au vya Gregory. Hatakuwa na "er" wala "a" ya kumsaidia. Itampasa aonyeshe kwa njia nyingine ni nani asemaye, ni nani anayeambiwa, na ni nani aliyeshika kalamu. Kazi hiyo ni ngumu, lakini ndiyo kazi yenyewe, maana hata katika Kiingereza herufi ya mwisho haikupata kuyasema mambo hayo matatu pasipo watu kuijaza maana.